Shajara ya Mradi: Albamu ya Noeli kwa Sauti ya Soprano, Bagamoyo 2024

Shajara hii inaandikwa kwa ajili ya walimu wa kwaya, wapiga vyombo na waimbaji wanaotaka kurekodi nyimbo za Noeli kwa uimbaji wa kiklasiki huku hawana ukumbi wa muziki wala fedha za kampuni kubwa. Mwimbaji wetu ni soprano aliyefundwa uimbaji wa kiopera, na nia yake ni ile ya waimbaji wa klasiki mseto popote walipo, yaani kuitoa sauti hiyo kwenye kumbi za wachache na kuifikisha kwa watu wanaosikiliza muziki sebuleni na ndani ya daladala. Njia hiyo imekwisha kukanyagwa na wengi, na kwa waimbaji wa aina hii albamu ya Krismasi ni kazi inayotarajiwa. Josh Groban alitoa "Noël" mwaka 2007 na ikawa albamu iliyouzwa kuliko zote Marekani mwaka huo. Andrea Bocelli akafuata na "My Christmas" mwaka 2009. Na zote mbili zilitayarishwa na David Foster, zikiwa na okestra nzima nyuma ya sauti. Sisi tuna kwaya ya parokia, gitaa, zeze, ngoma na ilimba, chombo cha vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Kwa hiyo swali la mradi mzima ni hili: sauti iliyofundwa kujaza ukumbi bila kipaza sauti itashikwa na vyombo gani, na itaimbwa ndani ya chumba cha namna gani, ili ibaki na ukubwa wake na maneno ya Kiswahili yasikike?

10 Februari 2024: Nyimbo na haki zake

Nyimbo tisa zimekubaliwa. Nne ni za Ulaya, nazo ni "Stille Nacht", "Adeste fideles", "Cantique de Noël" ya Adolphe Adam ya mwaka 1847, na "Ave Maria" ambayo Charles Gounod aliijenga juu ya prelude ya Bach. Tatu ni nyimbo za Kiswahili zinazojulikana makanisani, na mbili ni mpya, zilizotungwa kwa ajili ya albamu hii.

Kazi hii ya kuchagua ilichukua muda mrefu kwa sababu ya haki. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi ya mtunzi inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Adam alifariki mwaka 1856, Franz Xaver Gruber aliyetunga muziki wa "Stille Nacht" alifariki mwaka 1863, na Gounod mwaka 1893. Hao hawana shida. Mmoja wetu alipendekeza "White Christmas", wimbo ambao rekodi ya Bing Crosby ya mwaka 1942 iliueneza dunia nzima. Mtunzi wake, Irving Berlin, alifariki mwaka 1989, hivyo wimbo bado una mwenyewe na leseni yake ingetugharimu kuliko tunavyoweza. Tumeuacha.

Jambo ambalo kwaya nyingi hulisahau ni kwamba tafsiri ina haki zake mbali na haki za wimbo. Muziki wa Gruber ni huru, lakini maneno ya Kiswahili yaliyomo katika kitabu fulani cha nyimbo yanaweza kuwa na mfasiri au mchapishaji anayeyamiliki. Tumeandika barua kwa wamiliki wa nyimbo tatu za Kiswahili, na kwa nyimbo za Ulaya tumeamua kuimba lugha za asili pamoja na beti tulizozitunga wenyewe.

"Panis angelicus" ya César Franck nayo imeachwa, ingawa huwekwa mara kwa mara katika albamu za namna hii. Ni muziki mzuri sana, lakini maneno yake ni ya Mtakatifu Thoma wa Akwino kwa sikukuu ya Ekaristi, na sikuona sababu ya kuyaingiza katika Noeli kwa kuwa tu msikilizaji anaipenda sauti ya soprano ndani yake.

23 Machi 2024: Maneno na noti za juu

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimekutana. Kwaya inajiandaa kwa Juma Kuu na haiwezi kuweka nguvu zake kwenye Noeli, na mpiga ngoma wetu amefunga, kwa hiyo mazoezi machache yaliyofanyika yamefanyika baada ya futari. Nafasi hiyo tumeitumia kuandika maneno.

Rasimu ya kwanza ya wimbo mpya haikuimbika. Ilikuwa na vina na mizani kamili, na mtu akiisoma kwa sauti inapendeza, lakini mwimbaji alipoichukua koo lilimbana mara tatu katika ubeti mmoja. Sababu ya kwanza ni silabi zisizo na irabu. Katika neno "mtoto", herufi m inabeba silabi yake yenyewe, na katika wimbo inapewa noti yake. Noti hiyo ikiwa ya chini na fupi, hakuna tatizo. Ikiangukia kileleni mwa mstari, mwimbaji anatakiwa kutoa noti kubwa kuliko zote huku midomo imefungwa. Mahali hapo tumeweka "mwana", neno linalofunguka mara moja kwenye a, na "mtoto" tumelirudisha kwenye pigo dogo linalotangulia, ambako m inapita bila kuzuiwa.

Sababu ya pili ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na muziki nao una mapigo mazito na mepesi. Tuni ya Ulaya ikiwekewa maneno kwa kuhesabu silabi peke yake, matokeo yake ni BE-thle-hemu au u-si-KU unaokatwa mwishoni kama vile neno halijaisha. Tumepitia kila mstari tukipiga meza kwa mkono, na kila silabi yenye mkazo tukaihamishia kwenye pigo zito. Ilibidi kubadilisha karibu theluthi moja ya maneno.

Sababu ya tatu inahusu soprano peke yake, na ningependa watunzi wetu waizingatie. Irabu i na u hutambulika kwa mvumo wa chini wa kinywa, ulio chini ya hezi 400 (hezi ni mtetemo mmoja kwa sekunde). Soprano anapofika Fa ya mstari wa juu wa stafu, noti yenyewe tayari iko karibu hezi 700, kwa hiyo mvumo unaotofautisha irabu hizo haupo tena, na irabu zote zinaelekea kufanana na a. Hakuna mazoezi yatakayoliondoa jambo hilo, kwa maana ni maumbile ya sauti. Kwa sababu hiyo maneno yanayobeba habari, kama nani amezaliwa, wapi na kwa ajili ya nani, tumeyaweka katikati ya sauti yake, na huko juu tumemwachia irabu a ndefu, ambayo msikilizaji haihitaji kuisikia kama neno.

27 Aprili 2024: Studio ndogo

Tulikodi studio jijini Dar es Salaam kwa shilingi 400,000 na kurekodi nyimbo mbili. Rekodi zote mbili zimetupwa.

Chumba kilikuwa kidogo, kuta zake zimefunikwa sponji, na maiki ilikuwa sentimita chache kutoka mdomoni, namna inayowafaa sana waimbaji wa Bongo Fleva na wa Injili. Mwimbaji wa kiklasiki hujiongoza kwa sauti inayomrudia kutoka ukumbini. Katika chumba kisichorudisha kitu, alihisi kwamba sauti yake haiendi popote, akaongeza nguvu bila kukusudia, na baada ya saa moja alikuwa amechoka. Upande wa maiki hali ilikuwa mbaya zaidi. Sauti iliyofundwa kiopera ina nguvu nyingi karibu na hezi 3,000, na ndiyo inayoiwezesha kupenya okestra. Kwa umbali ule ilisikika kali kama filimbi masikioni. Fundi alijaribu kupunguza sehemu hiyo kwenye kompyuta, lakini kila alipopunguza ukali, na soprano mwenyewe alipotea pamoja nao. Mwangwi wa kompyuta ulioongezwa baadaye haukusaidia, kwa kuwa ulikuwa umewekwa juu ya uimbaji wa mtu aliyekuwa akipambana na chumba.

Uamuzi: hakuna tena kurekodi sauti hii katika chumba kikavu. Tunatafuta jengo la mawe.

8 Mei 2024

Kazi imesimama. Kimbunga Hidaya kilichofika Mafia tarehe 4 kilileta mvua na upepo pwani yote, na masika yenyewe yalikuwa mazito tangu mwanzo. Hata barabara zikikauka, kurekodi chini ya mabati wakati wa mvua haiwezekani. Tumesogeza ratiba hadi kipupwe.

15 Juni 2024: Kanisani

Parokia imeturuhusu kutumia kanisa nyakati za usiku, nasi tumetoa sadaka ya shilingi 300,000. Misheni ya Bagamoyo ilianzishwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, na "Adeste fideles" kwa Kilatini ndani ya kuta za misheni si jambo la kuigiza. Mwimbaji alipotoa noti ya kwanza katikati ya kanisa tupu, mabega yake yalishuka, na kuanzia hapo hatukuhitaji kumwambia lolote kuhusu nguvu.

Usiku ulichaguliwa kwa sababu za wazi. Mchana kunguru hawanyamazi, bodaboda zinapita, na feni haziwezi kuzimwa kwa sababu ya joto. Tulipanga kuanza baada ya swala ya isha, wakati adhana ya mwisho imekwisha kupita na mji umetulia, na kumaliza kabla ya usiku wa manane ili wanakwaya warudi nyumbani salama. Popo walikuwepo darini siku zote. Milio yao inasikika katika kimya cha "Ave Maria" kwa anayejua pa kusikiliza, nasi tumeiacha.

Mambo matatu yalihitaji ufumbuzi.

La kwanza lilikuwa mngurumo mwembamba usiokoma katika kila rekodi. Tulibadilisha nyaya zote kabla ya kugundua kwamba ulitoka kwenye taa za tyubu. Umeme wetu ni wa hezi 50, na choki ya taa ya namna hiyo hutetemeka kwa hezi 100, kiwango kinachoingia moja kwa moja kwenye sauti za besi. Tumezima taa zote na kununua taa za betri. Umeme ulipokatika usiku wa pili tulijaribu betri ya gari na kigeuza umeme, lakini kigeuza umeme chenyewe kilileta mlio mwingine. Kilichofaa ni kuendesha kadi ya sauti, kifaa kinachoingiza sauti za maiki kwenye kompyuta, kwa nguvu ya laptopu iliyojaa chaji, bila kuunganisha kitu chochote ukutani. Taa, betri na nyaya vilitugharimu shilingi 210,000.

La pili lilikuwa mahali pa maiki. Kwaya na ukumbi tumevichukua kwa maiki mbili juu ya stendi ya mita tatu, zikiwa zimeachana sentimita 17 na kufunguka kwa pembe ya nyuzi 110. Mpangilio huu ulibuniwa na shirika la utangazaji la Ufaransa, ORTF, na umebaki na jina lake. Hauhitaji vifaa zaidi ya maiki mbili zinazofanana na rula. Mwimbaji aliwekewa maiki yake sentimita 70 mbali, juu kidogo ya paji la uso, ikimtazama kwa mshazari. Katika umbali huo ule ukali wa studio haukuonekana tena. Kukodi maiki, stendi na kadi ya sauti kwa kipindi chote kumefikia shilingi 720,000.

La tatu lilikuwa mwangwi, ambao safari hii ulizidi. Tulipasua puto katikati ya kanisa na kusikiliza mlio wake ukififia, ukakaribia sekunde tatu. Kwa "Ave Maria" huo ni utajiri. Kwa "Adeste fideles", wimbo unaokwenda kwa hatua, maneno yalipandana hadi Kilatini na Kiswahili havikutofautishwa. Jaribio la kuimba polepole zaidi liliufanya wimbo wa shangwe usikike kama wa mazishi. Dawa imekuwa mikeka. Tuliazima mikeka na mazulia, tukatandika sakafu yote kati ya kwaya na maiki, na kutundika vitenge na mablanketi juu ya viti vya nyuma. Mwangwi ukapungua kiasi cha maneno kusomeka. Kwa nyimbo za taratibu tuliviondoa vyote. Tangu hapo nyimbo zimepangwa kwa makundi mawili, za mikeka na zisizo na mikeka, na kila usiku tunarekodi kundi moja tu.

20 Julai 2024: Ilimba yakataa kinanda

Ilimba ndiyo sababu iliyonifanya nitake albamu hii irekodiwe Bagamoyo. Chombo hiki ni cha Wagogo wa Dodoma, lakini mji huu uliishi nacho kupitia Hukwe Zawose, aliyefanya kazi na kuishi hapa hadi alipofariki mwaka 2003, na bado wapo wanaokipiga vizuri. Nilikuwa na hakika kwamba mvumo wake chini ya sauti ya soprano ungetupa kitu ambacho hakuna okestra ingeweza kukitoa.

Kwaya na mwimbaji walikuwa wamerekodiwa kwa kufuata kinanda cha umeme kilichosikika kwenye hedifoni, kisha mzee wetu wa ilimba akapiga juu ya rekodi hiyo. Ilisikika vibaya tangu pigo la kwanza. Kila mmoja peke yake yuko sawa, lakini wakiwa pamoja sauti zinapigana na kutoa mawimbi yanayoyumba.

Sababu yake inapimika. Kinanda hugawa oktava katika nusu-toni 12 zilizo sawa. Ngazi ya Kigogo inafuata sauti za asili ambazo waya au bomba hutoa juu ya sauti yake ya msingi, kuanzia ya nne hadi ya tisa, ile ya msingi ikihesabiwa ya kwanza. Tukiipa ya nne jina do, ya tano inakuwa mi, ya sita so, ya saba ni ta ya chini (ti iliyoshushwa), ya nane do na ya tisa re. Nusu-toni moja mafundi huigawa katika senti 100. Kwa kipimo hicho mi ya ilimba iko chini ya mi ya kinanda kwa senti 14, na ile ta iko chini kwa senti 31, karibu theluthi ya nusu-toni. So na re zinakaribiana sana na za kinanda, ndiyo maana baadhi ya mapigo yalisikika safi na mengine yalichoma sikio.

Jaribio la kwanza lilikuwa kuirekebisha ilimba kwa kompyuta. Programu ya kusahihisha toni hufanya kazi kwenye sauti iliyo safi, ilhali ilimba ina mvumo wa makusudi, kwa kuwa tundu lake limezibwa kwa utando wa buibui unaotetemeka kila chuma kinapoguswa. Kompyuta haikujua lipi ni noti na lipi ni mvumo, ikatoa milio iliyokatikakatika.

Jaribio la pili lilikuwa kusukuma vyuma vyenyewe hadi vilingane na kinanda. Mzee alikubali kwa heshima, akavigonga kimoja kimoja huku mimi nikishika kipima toni. Vilipolingana, akapiga, kisha akakiweka chombo mapajani na kukaa kimya kwa muda. Nami nilisikia. Katika hali yake ya kawaida, chuma kimoja kikipigwa, vingine ambavyo havijaguswa huitika, kwa kuwa vyote ni watoto wa sauti moja ya msingi. Sasa hakuna kilichoitika. Usiku ule tuliondoka bila kitu.

17 Agosti 2024: Kinanda kimeondoka

Ufumbuzi umepatikana, nao ni kubadilisha upande. Tumeacha kuisogeza ilimba, tumewasogeza waimbaji. Sauti ya binadamu haina vyuma wala funguo, na kwaya nzuri inayoimba bila kinanda huelekea yenyewe kwenye mi iliyo chini kidogo, kwa sababu huko ndiko inakotulia. Mwimbaji wetu, hata hivyo, amefundwa kwa piano tangu akiwa msichana, na mi ya piano imekaa kooni.

Mazoezi yalifanyika uwanjani, chini ya mwembe, bila hedifoni. Zeze lilishikilia do bila kukatika, ilimba ikapiga mi, naye akaiimba. Mara za kwanza aliimba juu yake, na mawimbi yakasikika. Aliomba aandikiwe ni kiasi gani ashuke. Mzee akamwambia, "Mjukuu wangu, usiipime. Isikilize kwanza mpaka iishe, halafu uingie." Akamjibu, "Haya, babu," akafumba macho, akaacha chuma kilie hadi mwisho, na alipoingia mawimbi yalikoma. Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwao, na sikuweza kutenganisha mahali chuma kilipoishia na yeye alipoanzia. Baada ya hapo ta ya chini, ambayo niliiogopa zaidi, haikumsumbua.

Kikwazo kilichobaki ni kwamba ngazi hii haina fa wala la, na nyimbo za Noeli za Ulaya haziendi mbali bila noti hizo. Tuni ya "Stille Nacht" inagusa la mapema, katika noti yake ya pili. Kwa hiyo ilimba imeingizwa katika nyimbo mbili, na kwa namna mbili tofauti. Wimbo mpya wa kwanza tumeuandika upya wote ndani ya noti za ilimba, pamoja na sauti nne za kwaya. Katika "Adeste fideles" ilimba inashika do, re na so peke yake, na inanyamaza kila kordi ya fa inapopita, ambapo zeze na ngoma vinaendelea. Ukimya huo umeupa wimbo pumzi nzuri, na sasa nisingetaka ujazwe.

Kwa wanaotaka kufuata: rekodi ilimba na mwimbaji pamoja, kwa wakati mmoja, ndani ya chumba kimoja. Kumrekodi mmoja juu ya rekodi ya mwenzake hakutawafikisha mahali hapa. Malipo ya wapiga vyombo yamefikia shilingi 900,000, yakiwemo ya ilimba kwa vipindi vya nyongeza.

14 Septemba 2024: Gitaa

"Stille Nacht" imerekodiwa kama ilivyoanza. Ilipoimbwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1818 huko Oberndorf, karibu na Salzburg, ilikuwa na sauti mbili, gitaa, na kwaya inayorudia mistari ya mwisho. Padri Joseph Mohr, mwenye maneno, ndiye aliyepiga gitaa. Tumechukua mpango huohuo katika Re, kwa mwendo wa sita kwa nane unaotembea, ambao una bembea kuliko ule wa taratibu uliozoeleka siku hizi. Mwimbaji anaimba kwa nusu ya sauti yake, na mwenzake wa sauti ya pili anatoka kwenye kwaya. Ilikamilika kwa usiku mmoja.

"Cantique de Noël" ilihitaji kuchaguliwa usiku ambao mwimbaji amepumzika, kwa sababu ya kilele chake, na ilirekodiwa bila mikeka. "Ave Maria" imepigwa kwa gitaa badala ya piano. Hakuna zaidi la kusema juu yake isipokuwa kwamba mpiga gitaa alikata kucha na kuanza upya, maana mkwaruzo wa kucha ulisikika kanisa zima.

12 Oktoba 2024: Miksi na masteringi

Miksi, yaani kuzipatanisha sauti zilizorekodiwa, imefanywa kwa shilingi 150,000 kwa wimbo, jumla 1,350,000, na imekwenda vizuri kwa kuwa mwangwi wote ni wa kanisa na hapakuwa na cha kuongezwa.

Masteringi, yaani kuipa albamu ukubwa wake wa mwisho wa sauti, ilirudishwa. Nakala ya kwanza ilibanwa kwa ukubwa wa nyimbo za redio, na "Stille Nacht" ya sauti mbili na gitaa ikawa na sauti sawa na "Adeste fideles" yenye kwaya na ngoma. Mnong'ono ulipandishwa hadi ukafanana na kelele, na pumzi kati ya mistari zikasikika kama za mtu aliyekimbia. Hoja ya fundi ilikuwa kwamba wimbo mdogo utapotea kati ya nyimbo za wengine. Hilo lilikuwa kweli zamani. Sasa majukwaa kama Spotify husawazisha nyimbo yenyewe, karibu na -14 kwa kipimo cha ukubwa wa sauti kiitwacho LUFS, na wimbo uliobanwa hushushwa tu, ukiwa umekwisha kupoteza milima na mabonde yake. Tulikubaliana kwamba albamu nzima ipimwe kama kitu kimoja, wimbo mkubwa kuliko zote ukikaribia kipimo hicho na mingine ikiachwa chini yake kama ilivyoimbwa. Nakala ya pili imekubaliwa. Gharama yake ni shilingi 40,000 kwa wimbo, jumla 360,000, na marudio hayakutozwa.

9 Novemba 2024: Imetoka

Albamu imewekwa kwenye majukwaa ya mtandaoni wiki tatu kabla ya Majilio, ambayo mwaka huu yanaanza tarehe 1 Desemba. Anayefuata njia hii ajipe muda zaidi, kwa maana kwaya zinazotaka kujifunza wimbo mpya kwa ajili ya mkesha huanza Oktoba. Usajili, barua za ruhusa, picha na jalada vimechukua shilingi 450,000. Nauli, chakula na maji ya wanakwaya vimefikia 860,000. Kwa kuwa wengi hapa hawana kifurushi cha kusikilizia mtandaoni, tumetengeneza flashi 60 kwa shilingi 540,000.

Jumla ya matumizi ni shilingi 6,090,000 dhidi ya makadirio ya 5,200,000. Zaidi ya nusu ya ziada hiyo ni studio ya Aprili pamoja na taa na betri, na mtu anayeanza moja kwa moja na jengo la mawe hatahitaji kulipia ile studio. Mwimbaji hajalipwa ujira; makubaliano yake ni sehemu ya mapato.

Nota za nyimbo mbili mpya zimeandikwa kwa solfa na zinatolewa bure kwa kwaya itakayoziomba. Katika wimbo wa ilimba, kila mi imewekewa alama ya mshale wa chini na kila ta mishale miwili. Kwaya isiyo na ilimba iimbe bila chombo chochote, ikishikiliwa na besi kwenye do, na isiongozwe na kinanda.